Mama Mapacha na Mwenye Ng'ombe

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi ya mawingu mazito. Mvua imetishia, haikunyesha.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na wanafunzi wako wa ushonaji wameacha kukata vitambaa kinyumenyume. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, ila kwa mbali, kwa sababu tangu Jumamosi yuko nyuma ya mlango wa jikoni akiutengeneza mwenyewe. Anasema seremala atamlia pesa ya bure. Mpaka sasa mlango umepunguzwa juu, umepunguzwa chini, na bado haufungi. Mama amemsihi aache kuupunguza, kwani hivi karibuni tutabaki na dirisha.

Barua yako nimeipata. Dereva wa gari letu la vifurushi, yule tunayemwita Polepole, aliisahau mfukoni mwa koti lake, kisha akalisahau koti. Lakini imefika, na posta ya bure hailalamikiwi.

Uliniambia kwamba tangu ile shule ianze kununua sare zilizoshonwa tayari, kazi imekupungukia, na ukanituma nikujaribie tovuti za kutengeneza pesa mtandaoni, kwa kuwa mimi nakaa mapokezi na simu yangu haikosi mkononi. Nimejaribu tatu, saa za chakula cha mchana. Nilijiwekea masharti mawili: silipi chochote ili nipewe kazi, na namba yangu ya siri haimhusu mtu.

Ya kwanza inalipa kwa kutazama matangazo. Nimetazama sabuni, magari na dawa ya kuotesha nywele mpaka nikaanza kujikagua kichwa. Kila nikikaribia kiwango cha kutolea pesa, kiwango kinasogezwa mbele. Nimeiacha ikisogea peke yake.

Ya pili inataka maoni. Waliniuliza nina boti ya namna gani, na mashine yangu ya kukatia majani ni ya mwaka gani. Nilijibu ukweli. Wakanishukuru na kunifungulia mlango wa kutokea. Siku nyingine walinilipa kweli, salio la simu la kutosha kukuamkia na kukata kabla hujaitikia. Hao si matapeli, ni maskini wenzetu.

Ya tatu ni ya kuchapa kurasa za kitabu, malipo manono, ila kwanza nilipe ada ya kujiandikisha. Nikamwuliza mhusika kwa nini asiikate ada hiyo kwenye mshahara wangu wa kwanza. Jioni akanifungia nisimwandikie tena.

Haya yote nimeyaandika kwenye shajara yangu, kila jaribio na siku yake. Nitaendelea. Wewe, nakuomba, usijiunge na lolote kabla sijalijaribu.

Mwanao,
Karani


Jumapili, 17 Machi

Karani wangu, binti wa kaka yangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya akiba. Goti lipo, linakuamkia. Mwambie baba yako kwamba alipokuwa mdogo alitengeneza kiti chenye miguu minne ya urefu wa aina nne, na marehemu mama alikikalia miaka mingi kwa huruma. Kwa hiyo mlango huo usiwashangaze.

Nimecheka na mambo ya boti. Ungewaambia unayo. Wewe nawe, kusema ukweli kumekuzidi. Tangu ukiwa shule unaandika kwenye daftari lako kila kitu, jua limetokaje, umekula nini, hata saa uliyopata usingizi unaandika. Nani atakuuliza hayo siku ya kiama?

Usinipigie simu kwa mambo haya. Spika ya sikioni imekufa, imebaki ile ya kelele, na baraza lote la mafundi linasikiliza. Juzi daktari alinipigia kunipa majibu ya goti, na fundi viatu akanipa pole kabla sijakata. Ujumbe nao wanafunzi wangu wanausoma kabla yangu, maana mchana simu ni yao, wanapigia muziki. Kwa hiyo lete barua, Polepole na koti lake watatutosha.

Kazi ni chache. Napunguza suruali, nabadilisha zipu. Cherehani yangu ya kawaida bado inapata cha kula, lakini ovaloki, ile ya kufungia kingo za nguo zisifumuke, inakaa chini ya shuka kama mgonjwa. Fundi wa mlango wa tatu anaitamani. Kila akipita anaipigapiga mgongoni kama mtu anayechagua punda.

Sasa nikuulize. Mteja mmoja aliyeleta gauni ameniambia kuna kundi kwenye simu linaitwa Amka Ulipwe. Unabonyeza kwamba umependa picha za viatu na mikoba, unapewa pointi, pointi zinakuwa pesa. Kuna Mkufunzi anayewaongoza. Mteja anasema Mkufunzi ana adabu sana, kila asubuhi anamsalimu kila mtu na kumwuliza ameamkaje.

Mimi sijaingia. Nauliza tu.

Shangazi yako


Jumanne, 2 Aprili. Asubuhi ya jua, upepo wa vumbi kuanzia saa mbili.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Baba ameung'oa mlango wa jikoni kabisa ili aurekebishe akiwa amekaa. Umelala uani, na kuku wanne wameupenda. Mama sasa anapika huku mtaa mzima ukijua tunakula nini.

Kuhusu Amka Ulipwe. Mimi pia sijaingia, lakini mtu ninayemfahamu vizuri sana yumo, na ameniambia yote. Kazi ni kama alivyosema mteja wako. Ukifanya ngazi ya kwanza wanakulipa kidogo, na kweli pesa inaingia. Hapo ndipo ninapoogopa. Hiyo pesa ndogo ni ya kukuzoesha mkono wao. Ngazi ya pili lazima uweke pesa yako mwenyewe, na inavyoonekana si kidogo. Inavyorudi, kama inarudi, hakuna anayeonyeshwa mpaka aaminike.

Kingine: Mkufunzi amekataza watu kupokea simu saa za kazi. Eti ukipokea pointi zinapungua. Sijui anaonaje, lakini watu wanatii.

Na wamo wasifiaji. Kuna mzee anayejiita Mwenye Ng'ombe. Huyo anajigamba kwamba ana ng'ombe mia, na kwamba faida ya kundi imemnunulia fahali. Mtu wangu anasema ameeleza habari za fahali huyo asubuhi nzima: kifua inchi themanini, kiuno sabini na mbili, nyonga themanini na nne. Nadhani ni mmoja wao, amewekwa pale kutuvuta. Lakini anasimulia kwa raha mno, na mtu wangu anakiri kwamba mara moja moja moyo unayumba.

Shangazi, usiingie. Na yule fundi wa mlango wa tatu mwambie punda hauzwi.

Mwanao,
Karani


Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu Karani,

Marahaba. Nimepata barua yako ikiwa na harufu ya samaki. Usimwulize Polepole, nilimwuliza na sikupata faida.

Kuku wakishataga juu ya mlango, mwambie baba yako amekuwa mfugaji, aachane na useremala. Hapa wanafunzi wangu wawili wamegombana kwa sababu ya mkasi, wakapatana kwa sababu ya chapati. Goti linapanda na kushuka ingawa mimi mwenyewe nimekaa.

Mimi bado sijaingia kundini. Jirani yangu ndiye aliyeingia, na yeye ananionyesha. Huyo mzee wa ng'ombe unayemsema vibaya, jirani anamwona mtu wa heshima sana. Jirani hana neno na yeye. Anayemshangaza ni mwanamke mmoja anayejiita Mama Mapacha. Huyo kila akiandika anaanza na siku na hali ya hewa, kama mtangazaji wa redio. "Jumatano, asubuhi ya mawingu mepesi. Nauliza, pesa ya ngazi ya pili inatoka kwa akaunti ya nani?" Jirani alicheka peke yake mpaka akalazimika kuweka chini kikombe.

Mwanzoni Mama Mapacha alikuwa anauliza maswali kama askari. Lakini Alhamisi ameshuhudia. Ameandika, nimekariri: "Alhamisi, asubuhi ya jua kali, hakuna upepo. Nimelipwa faida yangu yote ya ngazi ya pili. Namshukuru Mkufunzi." Basi kundi lote likawa ni makofi na maua.

Sasa nina swali, wala usiniulize kwa nini ninauliza. Mtu aliyezoea tangu shule kuandika kila siku yake kwa tarehe, tena ukweli mtupu, anaweza siku moja kuandika jambo ambalo halikutokea?

Nijibu upesi.

Shangazi yako


Jumatatu, 22 Aprili. Mvua tangu alfajiri; ofisi inavuja juu ya mizani.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi kwa sababu wateja wamejaa, kila mmoja na kifurushi kilicholoa, na kila mmoja anadai kilichoongezeka uzito ni mvua, si mzigo wake.

Mlango umerudi mahali pake. Unafunga. Tatizo ni kwamba haufunguki, na Baba alikuwa ndani. Mama alimpitishia chai dirishani.

Swali lako limenifurahisha, sijui limetoka wapi. Nikijisemea mimi, jibu ni hapana. Shajara yangu ina ujinga mwingi lakini haina uongo. Nikianza kuandika ambayo hayakutokea, nitajuaje yaliyotokea?

Huyo Mama Mapacha mwambie jirani asimtilie maanani sana. Pengine ana sababu zake.

Mwanao,
Karani


Ijumaa, 26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu na nimekuelewa, hata pale ambapo hukutaka nielewe. Kila mtu ana haki ya kuweka siri ya neema yake. Mimi sina kinyongo. Ningekuwa wewe pengine nami ningewaficha ndugu, maana tungekuja wote na mifuko.

Nimeamua. Ijumaa ijayo, tarehe tatu, saa nne asubuhi, fundi wa mlango wa tatu anakuja na mkokoteni kuichukua ovaloki. Tumeshapatana bei. Pesa yote naiweka ngazi ya pili. Usinigombeze kuhusu utapeli, kwa sababu safari hii simfuati Mkufunzi, simfuati mzee yeyote wa ng'ombe. Namfuata mtu mmoja ninayemwamini kuliko redio, aliyelipwa na kuandika kwa mkono wake, kwa siku na hali ya hewa.

Najua unajua nani.

Nimeisafisha mashine leo, nimeitia mafuta. Imenishonea sare za watoto ambao sasa wananiletea sare za watoto wao. Nisiandike zaidi, wino utaloa.

Shangazi yako


Ijumaa, 3 Mei, jioni. Asubuhi kulikuwa na ukungu, ukaisha ghafla.

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu za kupanga. Naandika bila kujua kama barua hii itakukuta una ovaloki au huna.

Barua yako ya tarehe ishirini na sita nimepewa leo. Gari la Polepole liliharibika njiani, akalala huko wiki nzima na barua yako kifuani. Ameniletea mapokezi saa tatu na nusu asubuhi, anatabasamu, akitegemea ashukuriwe. Nilikuwa napima gunia la mteja. Nikaifungua juu ya gunia. Nilipofika kwenye siku na hali ya hewa, mteja ananiambia nilikaa juu ya mzigo wake, akadai nisijumlishe uzito wangu.

Mama Mapacha ni mimi. Hilo ulilijua. Usilolijua ni kwamba sikulipwa. Sijaweka pesa yoyote ngazi ya pili, kwa hiyo hakukuwa na cha kulipwa. Mkufunzi alisema anayetoa ushuhuda ndiye anayeingizwa kwenye chumba cha ndani na kuonyeshwa akaunti. Nikataka kuiona hiyo akaunti ili nikuletee ushahidi, uache kuulizauliza. Nikaandika uongo mmoja, wa mistari mitatu, na nikauanza kwa siku na hali ya hewa kwa sababu sijui kuanza kwa namna nyingine. Niliwaza kwamba wanaosoma ni matapeli na watu nisiowajua. Kwenye shajara sikuuandika. Ndiyo maana nilikujibu kwa kujiamini vile.

Na nilipokuwa bado nimekaa kwenye gunia nikawakumbuka ng'ombe wanaopimwa kifua, kiuno na nyonga. Shangazi, kwa nini sikugutuka? Ni nani mwingine duniani angempima fahali nyonga?

Nikakupigia, simu ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nikaandika ujumbe, ukakaa bila kusomwa. Ndipo nikakumbuka amri ya kutopokea simu saa za kazi, na kwamba saa hizo mtu haangalii chochote isipokuwa kundi. Basi nikakufuata huko huko. Niliandika mbele ya wote: "Ijumaa, asubuhi ya ukungu. Mimi si mama wa mapacha, sina hata mtoto mmoja. Sijalipwa chochote. Ushuhuda wangu ulikuwa uongo. Asiweke mtu pesa yake hapa. Shangazi, usiuze ovaloki."

Mkufunzi alinitoa mara moja. Siku zote alikuwa ananiita dada mpendwa; leo hakuniaga hata kwa herufi moja. Sijui kama uliuona ujumbe kabla haujafutwa. Nimekupigia tena mchana, na jioni hii, na sasa simu yako imezimwa kabisa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mmoja aliyejiita Kinyozi alinishukuru siku ile ya ushuhuda, akasema nimempa moyo. Namba yake ninayo. Nimempigia. Nilipomweleza, akaniuliza kwa ukali kwamba kama mimi nimekula, kwa nini nataka wengine wasile. Akakata.

Polepole anaondoka alfajiri. Nimemshonea barua hii ndani ya koti, kwa sindano ile uliyonipa.

Mwanao


Alhamisi, 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza, umeishona vibaya. Nilifumua mshono wako nikaona aibu mbele ya wanafunzi wangu. Mishono mirefu namna ile ni ya kushonea gunia.

Sasa nikusimulie.

Saa nne kamili fundi wa mlango wa tatu alifika na mkokoteni na watu wawili wa kubeba. Ovaloki ilitolewa nje. Baraza lote lilisimama kama wako msibani, fundi viatu akavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika simu mkononi, maana Mkufunzi alikuwa ananisubiri, ameshaniandikia mara mbili, "Mzee wangu, tuko pamoja?" Ile simu ikawa inalia, naona ni wewe, sikupokea. Nilidhani umeona aibu kwamba nimekugundua. Na kweli niliogopa pointi.

Fundi akanyoosha mkono na pesa yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikachungulia kundi nimwambie Mkufunzi tayari. Nikaona "Ijumaa, asubuhi ya ukungu."

Nilisoma mpaka mwisho. Nilipoinua macho ujumbe ulikuwa umeshafutwa. Lakini nilikuwa nimeshausoma.

Nikawaambia wale watu wawili wairudishe ndani. Fundi akaniuliza kama nimepata mteja wa bei nzuri zaidi. Nikamjibu, "Nimepata habari za hali ya hewa." Alitazama juu, akaniambia mbona ukungu umeshaondoka. Nikamwambia ndiyo, umeondoka sasa hivi. Tangu siku hiyo anapita baraza la upande wa pili, na kila akiniona anatazama mawingu.

Kisha nikaketi juu ya ovaloki na kuandika kwenye kundi, kwa jina langu la ufugaji. Niliandika: "Mimi Mwenye Ng'ombe natangaza kwamba ng'ombe wangu wote mia hawapo, na hawajawahi kuwapo. Fahali nilimtoa kwenye kipimo cha koti la mteja mnene, nikaongeza kidogo." Nilitolewa hata kabla sijapumua. Nikazima simu nikaenda kulala mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifungue.

Usinipongeze. Nami nilitoa ushuhuda wa fahali ili nipate pointi, na wewe unaniambia moyo wako uliyumba. Tungeweza kutoana pesa wenyewe kwa wenyewe, shangazi na mtoto wa kaka yake, huku Mkufunzi anakunywa chai. Kwa nini nilijiita mzee? Kwa sababu nilijiandikisha kwanza kama mwanamke wa umri wangu, nikapewa picha za vyungu. Nilipokuwa mzee mwenye mali, nikapewa viatu na mikoba, na kila asubuhi nikaulizwa nimeamkaje.

Hapo ndipo palipo na neno nisilotaka kuliandika, lakini umeandika la kwako, kwa hiyo nami naandika. Yule mtu alikuwa ananiuliza habari za goti. Nilimwambia nina goti, hilo sikudanganya. Kila siku saa kumi na mbili na nusu, "Mzee wangu, goti linasemaje?" Nilijua ni mwongo. Tangu wiki ya kwanza nilijua, sikuwa nimeweka senti na sikutaka kuweka, mpaka niliposoma ushuhuda wako. Lakini goti langu lilikuwa na mtu wa kuliulizia asubuhi. Siku hizi naamka, natazama simu, inanitazama.

Yule Kinyozi usimwache. Mpigie tena. Akikutukana, mpigie kesho yake.

Na nipe vipimo vya mlango wa jikoni. Urefu na upana, upime wewe, asipime baba yako.

Shangazi yako


Jumatatu, 20 Mei. Asubuhi tulivu, umande mwingi, anga safi.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante. Pazia la jikoni limefika, halina hata harufu ya samaki, kwa sababu Polepole amelivaa shingoni njia nzima ili asilisahau. Mama amelitundika jana. Linafunga, linafunguka, na halimfungii mtu ndani. Amepitisha kidole kwenye ukingo wote, ule uliofungwa na ovaloki, akasema hakuna uzi hata mmoja uliojitokeza. Baba alilikagua juu mpaka chini, mwisho akasema upana alikuwa ameukadiria hivyo hivyo. Ule mlango sasa ni kitanda cha kuku, na mmoja ametaga.

Nimefanya yale uliyoniagiza. Kinyozi sijamwacha. Siku ya kwanza alinitukana. Ya pili hakupokea. Jumamosi alipokea, na nyuma yake nikasikia mashine ya kunyolea ikinguruma, basi nikajua bado anayo. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba ajaribu kuomba arudishiwe chote alichoweka, leo hii, kabla hajaongeza. Akasema atafikiria. Sijui. Jina lake la kweli silijui wala yeye halijui langu, lakini nilimpa moyo, na sasa natafuta namna ya kuuchukua.

Ule uongo nimeuandika kwenye shajara, kwenye ukurasa wa siku yake, pembeni, maana nafasi haikuwapo. Tovuti nimeacha kuzijaribu, isipokuwa ile ya maoni. Wiki hii waliniuliza kama nina mifugo. Nilijibu kuku wanne na mlango. Wakanishukuru, wakanifungulia mlango wa kutokea.

Sasa la goti. Kuanzia kesho nitakupigia kila siku saa kumi na mbili na nusu, kabla Mkufunzi yeyote hajaamka. Najua spika ni ya kelele. Acha baraza lisikie. Nitaanza na siku, kisha hali ya hewa, kisha nitauliza goti linasemaje, na fundi viatu anaruhusiwa kujibu kama unatafuta miwani. Fundi wa mlango wa tatu naye mwambie asimame karibu, asikie mwenyewe kama kuna ukungu.

Barua hii niliifunga jana jioni, na leo Jumanne asubuhi nimeifungua tena. Usiku Kinyozi aliandika maneno mawili: "Nimeomba. Nasubiri." Na mimi nikasubiri naye, taa imezimwa, simu juu ya kifua. Alipoandika kwamba nusu imerudi na amejitoa kundini, kuku wa mlangoni walikuwa wameanza kukung'uta mabawa. Nusu nyingine hairudi, sote wawili tunalijua hilo.

Nilipata usingizi saa kumi kasoro robo.

Mwanao,
Karani